Ligamenti ya skafolunati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi hulisikia jina hili kwa mara ya kwanza wakiwa wameshika ripoti ya picha, huku mkono wenyewe unauma. Maswali yaliyo hapa ni yale ninayoulizwa na wagonjwa, na wanafunzi wa radiolojia, na mara nyingine na madaktari wenzangu. Pale ambapo jibu fupi lingempotosha mtu, nimejibu kwa urefu.

Ligamenti hii iko wapi hasa?

Kifundo cha mkono kina mifupa midogo minane iliyopangwa safu mbili. Safu iliyo karibu na kigasha ina skafoidi, lunati, trikwetramu na pisifomu. Safu inayofuata, inayopokea mifupa ya kiganja, ina trapeziamu, trapezoidi, kapitati na hamati. Skafoidi iko upande wa kidole gumba, lunati iko katikati, na ligamenti ya skafolunati ndiyo inayoifunga mifupa hiyo miwili pamoja.

Unaweza kuipapasa mahali pake. Geuza mkono, mgongo wake uwe juu. Tafuta kinundu kidogo cha mfupa kwenye mwisho wa radiasi, yaani ule mfupa wa kigasha ulio upande wa gumba. Kinundu hicho huitwa kinundu cha Lister. Sogeza kidole kuelekea vidoleni kama sentimita moja, nacho kitatumbukia kwenye kishimo laini. Ligamenti iko chini ya kishimo hicho. Mtu aliyeumia hapo akiminywa, hushtuka kabla hata hujamuuliza kama panauma.

Ligamenti na kano ni kitu kimoja?

Katika mazungumzo ya kawaida, ndiyo, watu husema kano kwa vyote viwili. Katika anatomia tunatenganisha: kano huunganisha msuli na mfupa, ligamenti huunganisha mfupa na mfupa. Kano huvuta, ligamenti huzuia. Hapa nitashika maana hizo.

Mbona kitu kidogo hivyo kinazungumzwa sana?

Kwa sababu ya jinsi safu ya kwanza ya mifupa inavyofanya kazi. Ukiiacha pisifomu, hakuna mfupa wa safu hiyo ulioshikwa na kano ya msuli wowote. Misuli ya kigasha inavuka juu yake na kwenda kushika mbele. Kwa hiyo skafoidi, lunati na trikwetramu hazisogei kwa kuvutwa. Husogea kwa kusukumwa na majirani zao, na kinachoamua ziende wapi ni umbo la nyuso zao pamoja na ligamenti zinazozifunga.

Sasa angalia kinachotokea ukikunja ngumi au ukiegemea kiganja. Mzigo unashuka kutoka kwenye vidole. Skafoidi, iliyolala kwa mshazari kati ya safu mbili, inataka kuinama kuelekea kiganjani. Trikwetramu inataka kwenda kinyume, kuinukia upande wa mgongo wa mkono. Lunati iko katikati, imefungwa kwa skafoidi upande mmoja na kwa trikwetramu upande wa pili. Ni mchezo wa kuvuta kamba ambao timu zote mbili zina nguvu sawa, na lunati ndiyo kitambaa kilichofungwa katikati ya kamba: imetulia kwa sababu inavutwa pande zote mbili.

Kata ligamenti ya skafolunati na upande mmoja umeachia kamba. Skafoidi inaanguka kuelekea kiganjani, lunati inafuata trikwetramu na kuinuka nyuma. Mifupa iliyokuwa ikienda pamoja kama ukoo mmoja sasa kila mmoja unashika njia yake. Gegedu zilizozoea kugusana kwa uso mpana zinaanza kusagana kwenye ukingo. Madhara yote ya miaka ya baadaye, ambayo nitayaeleza huko chini, yanaanzia hapa.

Nimesikia ina sehemu tatu. Kuna haja gani ya kuzijua?

Kuna haja kubwa kuliko jambo lingine lolote lililo kwenye ukurasa huu, nami ningependa kila ripoti ya MRI (picha inayopigwa kwa sumaku) ya kifundo iandikwe kwa kuzitaja.

Ligamenti hii ina umbo kama la herufi C. Inaanzia mgongoni mwa mkono, inazunguka ukingo wa mifupa ulio karibu na kigasha, na kuishia upande wa kiganja. Upande wa mbele, unaotazamana na kapitati, hauna kitu. Ndiyo maana umbo halifungi duara.

Sehemu ya mgongoni ni nene, kama milimita 3, na nyuzi zake fupi zimekwenda moja kwa moja kutoka mfupa mmoja hadi mwingine. Sehemu ya kiganjani ni nyembamba, kama milimita 1, na nyuzi zake zimekaa mshazari, jambo linaloipa skafoidi nafasi ya kujizungusha kidogo. Sehemu ya katikati haina nyuzi za ligamenti halisi. Ni utando wa gegedu na nyuzi, hauna mishipa ya damu ya kutosha, na kazi yake kubwa ni kutenga vyumba viwili vya ute.

Majaribio ya maabara ya kuvuta sehemu hizi hadi zikatike yalitoa wastani ufuatao: ya mgongoni ilistahimili kama niutoni 260, ya kiganjani kama niutoni 118, na utando wa katikati kama niutoni 63 tu. Linganisha na jirani yake, ligamenti inayofunga lunati na trikwetramu: kwake, sehemu yenye nguvu ni ya kiganjani, kama niutoni 301. Mpangilio huu wa kupishana una maana yake, kwa kuwa kila ligamenti ina nguvu zaidi pale ambapo mifupa yake inataka kuachana.

Matokeo yake kwa mgonjwa ni haya. Watu wawili wanaweza kupewa ripoti yenye maneno yaleyale, “mchaniko wa ligamenti ya skafolunati”, na hali zao zikawa mbali kama usiku na mchana. Aliyetoboka utando wa katikati anaweza kuishi miaka yote bila kujua. Aliyekatika sehemu ya mgongoni amepoteza nguzo kuu.

Kwa hiyo ikikatika ya mgongoni, mifupa inaachana papo hapo?

Si lazima. Kuna nguzo saidizi. Kiganjani kuna ligamenti ndefu inayotoka kwenye radiasi, kupita mbele ya skafoidi, na kufika kwenye kapitati. Nyingine hufunga ncha ya skafoidi na trapeziamu na trapezoidi. Mgongoni kuna ligamenti inayokwenda kutoka trikwetramu hadi skafoidi, nayo huchangia kuishikilia lunati. Zikiwa nzima, mifupa inaweza kukaa mahali pake kwa majuma au hata miaka. Kisha zinalegea taratibu kwa kubeba mzigo usio wao, na pengo linajitokeza. Ndiyo maana mtu hupigwa picha leo akaambiwa yuko sawa, akapigwa baada ya mwaka ikaonekana tofauti. Picha ya kwanza haikudanganya; ilionyesha hali ya siku ile.

Inachanikaje?

Kwa kawaida ni kuanguka na kujikinga kwa kiganja. Kifundo kinakunjika kwenda nyuma, kinainama kuelekea upande wa kidole cha mwisho, na uzito wa mwili unaingia kupitia chini ya kidole gumba. Pikipiki, baiskeli, mpira, ngazi: chanzo hubadilika, mkao wa mkono ni uleule. Nguvu ikiwa kubwa zaidi, uharibifu hauishii kwenye ligamenti hii. Unazunguka lunati hatua kwa hatua hadi mfupa huo unaweza kuteguka kabisa, na hiyo ni dharura.

Jambo linalosahaulika: radiasi ikivunjika karibu na kifundo, ligamenti hii inaweza kuwa imechanika pamoja nayo. Macho ya wote yanaenda kwenye mfupa uliovunjika, plasta inafungwa, mfupa unaunga vizuri, na maumivu yanabaki. Kila picha ya radiasi iliyovunjika inastahili kutazamwa mara ya pili kwa ajili ya pengo kati ya skafoidi na lunati.

Dalili zake ni zipi?

Maumivu mgongoni mwa kifundo upande wa gumba, hasa unapojisukuma kutoka kwenye kiti au unapofungua mfuniko uliokaza. Kushika vitu kunakosa nguvu. Wengine husikia kitu kikigonga ndani.

Daktari anaweza kufanya kipimo cha Watson. Anabonyeza ncha ya skafoidi kwa kidole gumba upande wa kiganja, huku akikipeleka kifundo kutoka upande wa kidole cha mwisho hadi upande wa gumba. Skafoidi isiyo na mshiko hupanda juu ya ukingo wa radiasi nyuma, na anapoachia hurudi kwa mlio wa kugonga unaosikika. Hata hivyo, watu wenye viungo vilivyolegea kwa asili wanaweza kutoa mlio huo bila kuumia, kwa hiyo mikono yote miwili ipimwe, na maumivu yapewe uzito kuliko sauti.

Picha ya kwanza iwe ipi?

Eksirei. Ni ya haraka, mionzi yake kwa kifundo ni kidogo sana, na inaondoa hofu ya kuvunjika skafoidi, ambako nako huuma karibu na hapo. Wilhelm Röntgen, mgunduzi wa eksirei, alipopiga ile picha yake maarufu ya Desemba 1895, alipiga mkono wa mkewe. Kuanzia siku hiyo mkono haujaacha kuwa darasa zuri la mionzi.

Lakini iwe eksirei iliyopigwa kwa uangalifu. Picha ya mbele na ya ubavu ni za lazima. Ya ubavu ndiyo inayoharibika zaidi, kwa sababu mkono ukizunguka kidogo tu, pembe zote tunazopima zinakuwa za uongo. Kipimo changu ni hiki: ukingo wa pisifomu upande wa kiganja uonekane kati ya ukingo wa kapitati na ukingo wa ncha ya skafoidi. Usipokuwa hapo, naomba picha irudiwe. Pia mfupa wa kiganja wa kidole cha kati uwe mstari mmoja na radiasi, maana kifundo kilichokunjwa hubadilisha mkao wa lunati.

Kwenye picha ya mbele, fuata mikunjo mitatu aliyoieleza mtaalamu wa radiolojia Louis Gilula mwaka 1979: ukingo wa safu ya kwanza ulio upande wa kigasha, ukingo wa safu hiyohiyo ulio upande wa vidole, na ukingo wa kapitati na hamati ulio upande wa kigasha. Kila mkunjo uteleze bila kukatika. Penye ngazi au mvunjiko, simama hapo.

Eksirei ilisema niko sawa, nikaambiwa mkono umeteguka tu. Mbona bado unauma baada ya miezi miwili?

Kwa sababu eksirei ya kawaida hupigwa mkono ukiwa umelala mezani, hauna mzigo. Ligamenti yenyewe haionekani kwenye eksirei; tunaikisia kwa mkao wa mifupa. Ikiwa nguzo saidizi bado zinashikilia, mkao huo utakuwa wa kawaida hata kama sehemu ya mgongoni imekatika. Hali hii tunaiita ulegevu wa mwendo: mifupa huachana tu inapobebeshwa mzigo.

Tiba ya tatizo hilo ni kupiga picha mkono ukiwa kazini. Mgonjwa hukunja ngumi kwa nguvu. Kapitati inasukumwa kuelekea kigasha kama kabari kati ya skafoidi na lunati, na kama mshiko haupo, pengo linafunguka. Njia ninayoipenda ni kumpa mgonjwa penseli, moja kila mkono, azibane kwa ngumi na kuweka mikono yote miwili kwenye picha moja. Mkono mzima unakuwa kipimo cha mkono mgonjwa papo hapo, bila kubishana na kitabu. Picha nyingine hupigwa kifundo kikiwa kimeinamishwa upande wa kidole cha mwisho, kisha upande wa gumba.

Tafadhali usiridhike na maneno “picha ni safi” ikiwa maumivu yako yako kwenye kile kishimo na hakuna aliyekuambia ukunje ngumi. Hili naliona mara nyingi mno, na linaniuma, kwa kuwa muda unaopotea hapo ndio muda mzuri wa kutibu.

Ripoti imeandika “pengo la milimita 4”. Ni baya?

Kiswahili kina neno lililo tayari kwa pengo hili: mwanya. Hata madaktari wa mifupa waliona hivyohivyo. Mwaka 1977 dalili hii ilipewa jina la Terry-Thomas, mchekeshaji wa Uingereza aliyejulikana kwa mwanya wa meno yake ya mbele. Mwanya wa meno ni pambo. Huu wa mifupa ni onyo.

Kwa kawaida nafasi kati ya skafoidi na lunati haizidi milimita 2. Ikipita 3 tunashuku, na ikifika 5 ubishi unakwisha. Milimita 4 ni kipimo cha kushuku sana, lakini uliza mambo mawili. Kwanza, mkono wa pili una milimita ngapi? Wapo watu waliozaliwa na nafasi pana pande zote. Pili, mgonjwa ana umri gani? Kwa mtoto, sehemu kubwa ya mifupa hii bado ni gegedu isiyoonekana kwenye eksirei, hivyo nafasi huonekana pana kuliko ilivyo.

Tafuta pia pete. Skafoidi ikianguka kuelekea kiganjani, tunaitazama kwa kichwa chake, na ukingo wake unachora duara kama pete ya muhuri. Umbali kutoka pete hiyo hadi ncha ya skafoidi iliyo karibu na radiasi ukiwa chini ya milimita 7, skafoidi imelala.

Na ile “pembe ya skafolunati” ni nini?

Kwenye picha ya ubavu tunachora mstari wa urefu wa skafoidi na mstari wa mhimili wa lunati, kisha tunapima pembe kati yake. Ya kawaida ni nyuzi 30 hadi 60. Ikivuka 70, skafoidi na lunati zimeachana njia; kati ya 60 na 70 ni eneo la mashaka, hapo mkono mwingine ndio unaoamua.

Lunati inapoinuka na uso wake ulio upande wa vidole kutazama mgongo wa mkono, hali hiyo hufupishwa kwa herufi DISI, nawe utazikuta kwenye ripoti. Ukiziona, maana yake ni kwamba tatizo limevuka ligamenti moja na nguzo saidizi nazo zimelegea.

MRI inaona nini ambacho eksirei haioni?

Inaona ligamenti yenyewe. Ligamenti nzima huonekana nyeusi, imenyooka, imeshika mifupa pande zote mbili. Kwenye picha ambazo mng'ao wa mafuta umezimwa, ute hung'aa. Ukiona mstari unaong'aa umekata weusi huo kutoka upande hadi upande, ligamenti imechanika. MRI pia inaonyesha mfupa uliochubuka ndani, gegedu iliyolika, na mvunjiko wa skafoidi uliojificha.

Ugumu wake ni udogo wa kitu tunachokitafuta. Mashine ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) ina nafuu kuliko ya tesla 1.5. Lakini kwa maoni yangu koili, yaani kifaa kinachopokea mawimbi ya picha, ni muhimu kuliko hata tesla: ile ndogo maalumu ya kifundo, inayokumbatia mkono. Vipande viwe vyembamba, na eneo la picha liwe dogo, sentimita 8 hadi 10 hivi. MRI ya kifundo iliyopigwa kwa koili ya goti na vipande vinene itakuambia kwamba una mkono, na si zaidi sana.

Msomaji wa picha asiishie kwenye vipande vinavyoutazama mkono kutoka mbele. Hivyo vinaonyesha vizuri utando wa katikati, sehemu isiyo na nguvu. Sehemu ya mgongoni na ya kiganjani husomeka vizuri kwenye vipande vinavyokata mkono kwa mkingamo. Na utando wa katikati hauna weusi safi hata kwa mtu mzima wa afya. Mara nyingi una kijivu ndani yake, na kijivu hicho si ugonjwa.

Nitalalaje ndani ya mashine?

Ama kifudifudi mkono ukiwa umenyooshwa juu ya kichwa, ama chali mkono ukiwa ubavuni. Mkao wa kwanza unatoa picha nzuri lakini bega huchoka, na mkono uliochoka hutikisika. Sema mapema kama bega lako lina shida. Taja pia betri ya moyo, vipande vya chuma mwilini, hasa machoni, na ujauzito.

Kuna haja ya kudungwa dawa ndani ya kiungo?

Mara nyingine ipo. Kifundo kina vyumba vitatu vya ute: kati ya radiasi na safu ya kwanza, kati ya safu mbili za mifupa, na kile kilicho kati ya radiasi na alna, mfupa wa pili wa kigasha. Kwa mtu mzima wa afya vyumba hivi havivujiani. Tunadunga kiasi kidogo, mililita 3 hadi 4, za gadolini, dawa inayong'aa kwenye MRI, iliyochanganywa na maji ya chumvi kwenye chumba cha kwanza, kisha tunapiga MRI. Dawa ikivuka kati ya skafoidi na lunati na kuingia chumba cha pili, kuna tundu. Zaidi ya hapo, kiungo kilichojazwa hutanuka, na ncha za mchaniko mdogo huachana zikaonekana.

Lakini kumbuka zile sehemu tatu. Dawa kuvuja kunathibitisha tundu tu. Tundu hilo linaweza kuwa kwenye utando wa katikati, mahali panapotoboka kwa umri. Ripoti isiyosema dawa imepitia sehemu gani imeacha nusu ya kazi.

Na CT?

CT ya kawaida, yaani eksirei inayopigwa kwa vipande vyembamba, ni ya mifupa. Ukiitanguliza na sindano ya dawa ya aidini ndani ya kiungo, hubadilika kuwa kipimo kizuri mno cha ligamenti na gegedu, maana vipande vyake vinashuka chini ya milimita 1. Kwa asiyeweza kuingia MRI, ni njia ya heshima kabisa. Mwenye mzio wa dawa za aidini aseme kabla. Kuna pia CT zinazorekodi kifundo kikiwa katika mwendo, nazo zinafaa kwa ule ulegevu wa mwendo nilioueleza.

Ultrasaundi je?

Inaiona sehemu ya mgongoni, ile yenye nguvu, na mgonjwa anaweza kukunja ngumi huku tunatazama. Ya katikati na ya kiganjani haizifikii vizuri. Ikiwa nzima kabisa mgongoni, hiyo ni habari njema. Isipoonekana, endelea na vipimo vingine.

Nina uvimbe kama gololi mgongoni mwa kifundo. Unahusiana?

Huenda. Vivimbe vingi vya ute vinavyotokea hapo, viitwavyo ganglioni, vina shina linaloanzia kwenye sehemu ya mgongoni ya ligamenti hii. Kingine huwa kidogo sana hata hakipapasiki, nacho kinauma. Kuwa na ganglioni hakumaanishi ligamenti imekatika.

Nina miaka 60, nilipiga MRI kwa sababu nyingine, ikaonekana tundu kwenye utando. Niogope?

Hapana, ikiwa sehemu ya mgongoni na ya kiganjani ni nzima, mifupa iko mahali pake, na huumwi hapo. Utando huo huchakaa kama nywele zinavyoota mvi.

Kwa nini daktari anataka kuingiza kamera wakati MRI ipo?

Athroskopi bado ndiyo kipimo ambacho vingine vyote hupimwa nacho. Kamera nyembamba inaingizwa kwenye kiungo, na mpasuaji anagusa ligamenti kwa kichokoo. MRI inaonyesha umbo. Kichokoo kinaonyesha kama umbo hilo bado linashikilia. Daraja za Geissler za kupima ukubwa wa uharibifu kwa kamera, za mwaka 1996, zinaanzia daraja la kwanza, ambapo ligamenti imelegea na kuvilia damu, hadi la nne, ambapo kamera yenyewe ya milimita 2.7 inapita kati ya mifupa. Na akiwa tayari ndani, anaweza kuanza tiba.

Nisipotibiwa itakuwaje?

Wapo wanaokaa miaka mingi wakiwa na nafuu. Kwa wale ambao mifupa imekwisha kuachana, njia ya uchakavu inajulikana, ilielezwa na Watson na Ballet mwaka 1984, na kwa herufi huitwa SLAC. Gegedu huanza kulika kwenye ncha ya radiasi upande wa gumba. Kisha uso wote kati ya radiasi na skafoidi. Kisha kapitati inashuka kwenye pengo na kusagana na lunati. Kinachosalia kizima hadi mwisho ni kiungo kati ya radiasi na lunati, kwa sababu lunati imekaa kwenye bakuli la mviringo: hata ikiinama, nyuso zinaendelea kugusana vizuri. Upasuaji wa kuokoa kifundo kilichochakaa umejengwa juu ya bahati hiyo moja.

Muda wa kutibu ni upi?

Kushona ligamenti kuna matumaini zaidi ndani ya wiki 4 hadi 6 za mwanzo. Baada ya hapo ncha zake hujikunja na kukakamaa. Mchaniko mdogo hutulizwa kwa kufunga kifundo na baadaye mazoezi. Mkubwa na mpya hushonwa, mifupa ikishikwa kwa waya kwa wiki kadhaa. Wa zamani, mifupa ikiwa bado inarudishika, hutengenezewa mshiko mpya kwa kipande cha kano. Penye uchakavu, huondolewa mifupa ya safu ya kwanza au huunganishwa baadhi ya mifupa. Uamuzi ni wa daktari wa mkono aliyekupima. Picha peke yake haitoshi.

Fomu ya kuombea picha iandikwe nini?

Isiandikwe “maumivu ya kifundo” tu. Iandikwe: tarehe ya kuanguka, mkono ulivyotua, mahali panapouma kwa kidole kimoja, kipimo cha Watson kimetoa nini, mkono upi ni wa kazi, na swali lenyewe: “Je, sehemu ya mgongoni ya ligamenti ya skafolunati ni nzima?” Kwa eksirei, daktari aombe wazi picha za ngumi za mikono yote miwili. Nawe mgonjwa, njoo na picha zako za zamani, hata zile zilizosemwa ni safi. Mara kadhaa nimeona jibu kwenye picha ya siku ya kwanza, baada ya kuiweka kando ya ya leo.